Daftari la Mkojo Ndani ya Simu

Mwenye kitabu na akifungue. Mwenye daftari na kalamu aviweke karibu. Na mwenye simu, ya kitochi au simu janja, asiizime kama tulivyozoea kuwaambia siku nyingine, maana leo simu nayo ina kazi darasani.

Somo la leo ni juu ya jambo ambalo kila mtu analifanya, na watu wachache wanalizungumza. Nalo ni kwenda haja ndogo. Huenda baadhi yenu mmeinamisha macho. Inueni macho, ndugu zangu. Hapa hatusemi matusi, tunasema afya. Mtu anayeona haya kusema ya kwamba mkojo unamsumbua huenda akakaa na ugonjwa miaka mitano, na ugonjwa hauna haya hata kidogo; unaendelea na kazi yake.

KWA NINI TUANDIKE

Sikilizeni mazungumzo haya, ambayo hufanyika katika zahanati nyingi.

Mgonjwa anasema: "Mganga, mimi nakojoa sana."

Mganga anauliza: "Mara ngapi kwa siku?"

"Mara nyingi."

"Usiku unaamka mara ngapi?"

"Inategemea."

"Mkojo unatoka mwingi au kidogo?"

"Wa kawaida tu."

Je, mganga amepata nini hapo? Amepata neno "sana", neno "nyingi" na neno "kawaida". Maneno hayo hayapimiki. "Sana" ya mtu mmoja ni mara nane, na "sana" ya mwingine ni mara ishirini. Hata akili zetu zinatudanganya. Mtu aliyelala vibaya jana atasema haamki chini ya mara sita, kumbe ni mara tatu. Na mwingine amezoea taabu yake hata anaiona ndiyo hali ya kila mtu.

Basi dawa ya hayo ni kuandika. Waganga wa nchi nyingi humwambia mgonjwa wa namna hii aandike kwa muda wa siku 3 kila anachokunywa na kila mkojo anaoutoa. Maandishi hayo tutayaita daftari la mkojo. Zamani yalikuwa karatasi na kalamu. Siku hizi ziko programu za simu janja zinazofanya kazi hiyo hiyo. Ninyi mnaojifunza kusoma, kuandika na kuhesabu mnayo sasa kazi ya kweli ya kuutumia ujuzi wenu, na faida yake ni yenu wenyewe.

KIBOFU KINAVYOFANYA KAZI

Kwanza tujue kitu tunachokipima. Ndani ya mgongo wako, chini ya mbavu, zimo figo mbili. Figo huchuja damu usiku na mchana, na uchafu unaotoka pamoja na maji ndio mkojo. Mkojo hushuka kwa mirija miwili mpaka kwenye kibofu. Kibofu ni mfuko wa nyama unaonyumbuka. Mlangoni pake iko misuli inayofunga. Kibofu kikijaa hupeleka habari kwenye ubongo, na ubongo hujibu, "Ngoja kwanza," au, "Haya, sasa." Ukifika chooni mlango hulegea, kibofu hujikaza, mkojo hutoka.

Mtu mzima mwenye afya, kwa kawaida, hukojoa mara 4 mpaka 8 tangu kuamka mpaka kulala. Usiku haamki, au huamka mara moja. Kila mara hutoa kiasi cha mililita 200 mpaka 400. Chupa ndogo ya maji ya dukani ni mililita 500, yaani nusu lita. Kwa hiyo mkojo wa mara moja haufiki chupa nzima. Kwa siku nzima mkojo wote ni lita 1 mpaka 2. Ukizidi lita 3, hapana budi kutafuta sababu.

Hesabu hizi si sheria. Mtu aliyepalilia mpunga juani tangu asubuhi ametoa maji mengi kwa jasho, kwa hiyo mkojo wake utakuwa kidogo na rangi yake itakoza. Huyo anahitaji maji ya kunywa. Na mama mjamzito huenda haja ndogo mara nyingi zaidi, maana mtoto anakibana kibofu. Ndiyo sababu tunaandika na vinywaji pia, wala si mkojo peke yake.

KILOSA ILIVYOFUNDISHA WENGINE

Msidhani kwamba jambo hili la kuuliza na kuandika habari za mkojo ni geni kwenu, limetoka mbali. Wilaya yenu ya Kilosa ilikwisha kuwafundisha wengine.

Uko ugonjwa uitwao kichocho cha mkojo. Huletwa na minyoo midogo inayoishi katika mishipa ya damu iliyo karibu na kibofu. Minyoo hiyo hutaga mayai yenye miiba, na mayai hupenya ukuta wa kibofu yakiujeruhi. Ndiyo maana mgonjwa hukojoa damu, mara nyingi mwishoni mwa mkojo. Mgonjwa akikojoa majini, mayai huanguliwa, na vijidudu huingia katika konokono wa maji. Humo huzaana, kisha hutoka vingine vyenye mikia, vikiogelea vikitafuta ngozi ya mtu. Mtoto anayeoga mtoni, mama anayefua, mkulima anayesimama katika jaruba la mpunga, wote huingiwa bila kusikia chochote.

Mwaka 1973 nchi yetu ilifanya kampeni kubwa ya redio iliyoitwa Mtu ni Afya. Watu wapatao milioni 2 walikusanyika katika vikundi, wakasikiliza na kujadiliana kama mnavyofanya ninyi leo. Kichocho kilikuwa mojawapo ya magonjwa waliyofundishwa.

Baadaye wataalamu walitaka kujua ni shule zipi za wilaya ya Kilosa zenye watoto wengi wenye kichocho. Kupeleka watu wa maabara na darubini katika kila kijiji kungekula fedha nyingi. Basi wakatumia njia rahisi. Walipeleka karatasi za maswali mashuleni kwa kufuata njia za kawaida za idara ya elimu. Walimu wakawauliza watoto maswali mepesi: Je, umepata kichocho? Je, umekojoa damu? Kisha hatua ya pili, walimu wenyewe wakapima mkojo wa watoto kwa vijiti vinavyogeuka rangi kukiwa na damu. Ikaonekana ya kwamba shule ambazo watoto wengi walijibu "ndiyo" ndizo hasa zilizokuwa na ugonjwa mwingi. Habari za kazi hiyo ya Kilosa zilichapishwa mwaka 1991 katika jarida la Shirika la Afya Duniani, na njia hiyo ikajaribiwa katika nchi nyingine za Afrika.

Mnaona jambo lililo kubwa hapo? Si mashine iliyofungua njia. Ni swali lililoulizwa wazi, jibu lililosemwa bila haya, na mtu aliyeandika. Programu ya simu ni karatasi ile ile ya maswali, ila sasa imo mfukoni mwako.

SIMU INAFANYA NINI

Hapa mwalimu atasimama kidogo, kila mwenye simu janja aitoe.

Programu ya daftari la mkojo hufanya mambo manne. Kwanza, ukigusa alama ya mkojo au ya kinywaji, huandika saa yenyewe. Pili, hukuuliza kiasi, na kama ulibanwa ghafla au mkojo ulivuja. Tatu, hujumlisha: mara ngapi, kiasi gani, mchana kiasi gani na usiku kiasi gani. Nne, huchora jedwali au mchoro ambao unaweza kumwonyesha mganga.

Nyingi za programu hizo zimeandikwa kwa Kiingereza. Hilo lisikukatishe tamaa. Kila simu janja ina mahali pa kuandika kumbukumbu, napo hapahitaji bando wala intaneti. Fungua ukurasa mpya, kisha tumia herufi hizi nne:

K ni kinywaji.
M ni mkojo.
H ni haraka, yaani ulibanwa ghafla hata ukakimbia.
V ni kuvuja, yaani mkojo ulitoka kabla hujafika chooni, au ulipokohoa, au ulipoinua ndoo.

Mfano wa mstari mmoja ni huu: 09:00 M 200 H. Maana yake, saa tatu asubuhi nilikojoa mililita 200 nami nilibanwa ghafla. Mstari mwingine: 10:15 K 300. Maana yake, saa nne na robo nilikunywa mililita 300, kama kikombe kikubwa cha chai. Mwenye kitochi ataandika hivyo hivyo katika ujumbe, auhifadhi bila kuutuma. Asiye na simu ana daftari na kalamu, naye hakupungukiwa na kitu. Kinachomsaidia mganga ni hesabu, hazidii kwa kuwa zimeandikwa juu ya kioo.

Kipimo cha mkojo utapata wapi? Chukua chombo cha plastiki chenye mdomo mpana. Jaza chupa ya nusu lita maji, mimina ndani ya chombo, piga alama mpaka maji yalipofika. Hapo ni 500. Katikati ya alama hiyo na chini ni kama 250. Ukiwa na kikombe chenye namba za mililita, kitumie kupigia alama nyingine. Chombo hicho kiandike jina, kiweke chooni, kioshe kila mara, wala kisirudi jikoni kamwe.

Andika siku 3. Si lazima zifuatane, lakini ziwe siku za kawaida: moja ya shamba, moja ya nyumbani, moja ya mnada au ya ibada. Usipunguze maji ili hesabu ipendeze. Anayefanya hivyo anamdanganya mganga, na mganga aliyedanganywa hutoa shauri lisilofaa.

SAA YA SIMU NA SAA YETU

Hapa wengi hukosea, basi tuangalie vizuri. Sisi tunaanza kuhesabu saa jua linapochomoza na linapokuchwa. Simu huanza kuhesabu usiku wa manane. Tofauti yake ni saa 6.

Simu ikionyesha 07:00, sisi tunasema saa moja asubuhi. 12:00 ni saa sita mchana. 16:00 ni saa kumi jioni. 19:00 ni saa moja usiku. 02:00 ni saa nane usiku.

Kwa nini jambo hili ni kubwa? Kwa sababu mtu akiandika kwa mkono "saa 8" bila kusema ni mchana au usiku, mganga hawezi kujua kama mgonjwa alitolewa usingizini au alikuwa kibarazani anapumzika. Nanyi mtaona sasa hivi jinsi usiku na mchana zinavyobadilisha maana yote.

WAZEE WAWILI, LALAMIKO MOJA

Tuseme wako wazee wawili. Hawa ni watu wa mfano tu. Kila mmoja anasema, "Usiku naamka mara tatu, sipati usingizi." Maneno ni yale yale. Jirani atasema, "Hiyo ni tezi dume, nendeni pamoja." Lakini tufungue madaftari yao.

Mzee wa kwanza, baada ya mkojo wake wa kuamkia, aliandika hivi mchana: 09:00 M 200. 12:30 M 200. 16:00 M 200. 19:00 M 150. 21:30 M 150, akalala. Usiku akaandika: 00:00 M 250. 02:30 M 250. 04:30 M 200. Na alipoamka 06:30 M 300.

Haya, tujumlishe pamoja. Mchana: 200 na 200 na 200 na 150 na 150, jumla 900. Usiku, pamoja na mkojo wa kuamkia: 250 na 250 na 200 na 300, jumla 1,000. Yote kwa siku ni 1,900, yaani hazijafika lita 2. Kwa siku nzima mzee huyu hana mkojo mwingi. Lakini zaidi ya nusu yake inatengenezwa usiku. Kwa mtu mwenye umri mkubwa, sehemu ya usiku ikizidi theluthi moja ya mkojo wote, mganga huanza kuuliza maswali mengine: Je, unakunywa chai nyingi jioni? Je, miguu inavimba mchana? Maji yaliyojaa miguuni hurudi katika damu mtu akilala, na figo huyatoa. Huenda moyo nao una shida, au dawa fulani inanywewa wakati usiofaa. Kibofu cha mzee huyu huenda ni kizima kabisa.

Mzee wa pili naye aliamka mara tatu, lakini daftari lake la usiku lasema: M 70, M 60, M 80. Na mchana: M 90, M 70, M 100, mara kumi na mbili. Huyu hana mkojo mwingi usiku wala mchana. Kibofu chake kinatoa kidogo kidogo. Huenda tezi dume imekua, mlango umebanwa, na kibofu hakimaliziki. Huenda kuna maambukizi. Huenda ni kichocho kilichokaa miaka mingi hata ukuta wa kibofu ukawa mgumu. Mganga atampima.

Na tuongeze mtu wa tatu, mama anayesema naye anakojoa sana. Daftari lake lasema K lita 4, M lita 4, kila mkojo mwingi, na kiu haikatiki. Huyo apimwe sukari bila kukawia.

Watu watatu, neno moja "sana", na njia tatu za uchunguzi. Bila daftari, pengine wote watatu wangepewa vidonge vya aina moja.

DAFTARI HALINGOJEWI DAIMA

Sasa sikilizeni kwa makini. Yako mambo ambayo ukiyaona usikae siku 3 ukiandika. Nenda zahanati, kituo cha afya au hospitali siku ile ile:

Kwanza, mkojo umekataa kabisa kutoka na tumbo la chini limejaa na linauma.
Pili, una homa na kutetemeka, na maumivu ubavuni au mgongoni.
Tatu, wewe ni mjamzito, na mkojo unachoma au tumbo linauma.
Nne, miguu imelegea au imekufa ganzi ghafla, na mkojo hauzuiliki.
Tano, unakojoa damu. Hata kama haiumi. Hata kama ilikuja mara moja ikapotea.

Ziko sehemu za Afrika ambako kijana akikojoa damu watu hucheka, wakasema ndio ukubwa unaingia. Si ukubwa, ni ugonjwa. Kichocho kisipotibiwa huharibu kibofu na figo, na baada ya miaka mingi huweza kuleta saratani ya kibofu. Kwa wanawake huleta vidonda katika njia ya uzazi. Nayo dawa ipo, inaitwa prazikwanteli. Hupimwa kwa uzito wa mtu au kwa urefu wake, na hutolewa pia mashuleni. Inaua minyoo iliyo mwilini, lakini haimzuii mtu kuambukizwa tena akirudi katika maji yale yale. Kwa hiyo choo ni dawa pia, na kutokukojoa majini ni dawa.

Tena msifanye simu kuwa mganga. Simu haina jicho la kuona minyoo wala kijiti cha kuonja sukari. Imeandika tu ulichoiambia. Programu ikikuambia, "Una ugonjwa fulani," usiende dukani kununua vidonge vya kuua vijidudu. Wengi hujiita wagonjwa wa U.T.I. wakameza dawa mara tatu kwa mwaka, na mkojo wao haujapimwa hata mara moja. Dawa zilizotumiwa ovyo huwazoeza vijidudu, na siku ya haja hazifanyi kazi.

MAMA ANAYEVUJA MKOJO

Nina neno kwa akina mama, na waume zao wasikilize.

Yuko mama ambaye katika daftari lake V imejaa, lakini M hakuna. Mkojo unavuja mchana na usiku, hauchagui saa. Ulianza baada ya uzazi uliochukua siku nyingi, na mara nyingi mtoto alikufa. Hiyo ni fistula. Kichwa cha mtoto kilikandamiza nyama za mama kwa muda mrefu, nyama zikafa, pakawa na tundu kati ya kibofu na njia ya uzazi. Si laana, si uzinzi, si uchafu wa mama. Ni uzazi uliokosa msaada kwa wakati. Nayo inatibika: tundu likiwa jipya na dogo, mpira wa mkojo unaweza kutosha likajifunga lenyewe, likiwa la zamani hushonwa kwa upasuaji.

Katika jambo hili simu imefanya kazi kubwa hapa kwetu Tanzania. Hospitali ya CCBRT ya Dar es Salaam iliwatibu akina mama hao bila malipo, lakini wengi hawakuja, kwa kuwa hawakuwa na nauli. Mwaka 2009 ikaanza kutumia M-Pesa. Watu wa kujitolea walioitwa mabalozi walitafuta wagonjwa vijijini. Hospitali ikatuma nauli kwa simu ya balozi, balozi akamkatia mama tikiti, na mama alipofika, balozi akapata zawadi ndogo ya kazi yake. Simu zilizofanya hivyo zilikuwa simu za kawaida tu, na tatizo lililotatuliwa lilikuwa moja, yaani safari. Basi ukimjua mama wa namna hiyo katika kitongoji chako, usimcheke wala usimkwepe. Mwambie habari hii, mfuatane naye mpaka zahanati, muulize juu ya matibabu ya fistula na juu ya nauli.

Wako na akina mama wengine ambao mkojo huwatoka kidogo wakikohoa, wakicheka, au wakiinua gunia. Hiyo si fistula, ni misuli ya nyonga iliyolegea kwa uzazi au kwa umri. Mazoezi ya kukaza misuli hiyo husaidia wengi, yakifanywa kila siku kwa miezi. Na hapa daftari lina faida ya pili. Andika V kabla ya kuanza mazoezi, andika tena baada ya miezi 3, linganisha. Kama zilikuwa V kumi na sasa ni nne, utaona mwenyewe kwamba unapona.

SIRI YAKO

Habari za mkojo wako ni siri yako na ya mganga wako. Simu nyingi nyumbani hushikwa na watu watatu, wanne. Basi weka namba ya siri. Jina la ukurasa liwe lolote unalotaka, hata "Hesabu ya Kuku".

Ukipakua programu kutoka Play Store, soma maswali inayokuuliza. Daftari la mkojo halina haja ya kujua majina ya watu unaowapigia, wala mahali ulipo. Ikitaka hayo, ikatae, tafuta nyingine. Nchi yetu inayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika mwaka 2023, na katika sheria hiyo habari za afya zimehesabiwa kuwa taarifa nyeti. Sheria inakulinda, lakini mlango wa kwanza unaufunga mwenyewe kwa kidole chako.

Usimtumie mtu picha ya daftari lako katika kundi la simu ili upewe shauri. Mpelekee mganga. Ukifika kwake, usianze na hadithi ndefu. Sema hivi: "Nimeandika siku 3. Mchana nakojoa mara kadhaa, usiku mara kadhaa, jumla ni kiasi hiki, na nimevuja mara kadhaa." Kisha mpe simu asome. Mtu asemaye hivyo, hata kama amejua kusoma mwaka huu, husikilizwa.

MASWALI YA KUJADILIANA

Sasa mwalimu atafunga redio, nanyi mtajadiliana kwa nusu saa. Mwandishi wa kikundi aandike majibu.

1. Ni maji gani ya hapa Tindiga ambamo watoto wetu huoga na sisi hufanya kazi? Je, kuna choo karibu?
2. Kwa nini mzee wa kwanza na mzee wa pili wasipewe dawa moja?
3. Simu inaonyesha 20:30. Sisi tunasema saa ngapi? Na 03:00 je?
4. Mtu amekojoa 250, 300, 200, 150 na 300 mchana, na 200 alipoamka. Jumla ni ngapi? Sehemu ya usiku imefika theluthi moja?
5. Ni jambo gani linalotuzuia kusema habari za mkojo mbele ya mganga? Tufanyeje ili mama, mzee na mtoto waseme?

KAZI YA NYUMBANI

Kila mmoja wenu, mzima au mgonjwa, aandike daftari la siku moja kwa herufi K, M, H na V. Hutaonyesha mtu kama hutaki. Mwalimu atauliza tu kama umejumlisha. Na kila mwenye mtoto wa shule amwulize leo jioni swali lile waliloulizwa watoto wa Kilosa: Je, umekojoa damu? Muulize kwa upole, bila fimbo, na jibu likiwa "ndiyo", kesho asubuhi mpeleke zahanati.

Kwa herini, ndugu wanafunzi. Andikeni vizuri.